Uzi: Kufunga mzigo ndani ya helikopta ya kijeshi si sawa na kufunga Fuso la viazi

Mpakiaji Mstaafu (Uyole, Mbeya):

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Juma lililopita nilikuwa kwenye gereji moja hapa Uyole nikisubiri Fuso langu libadilishiwe bushi, na vijana waliokuwapo walikuwa wakitazama kwenye simu helikopta kubwa ya kijeshi ikishusha magunia mahali palipofurika. Mmoja wao, utingo mwenye safari nyingi za Tunduma, akasema kwa uhakika kwamba kazi ile haina jipya: unapanga magunia, unapitisha kamba juu, unakaza, mnaondoka. Nilimjibu kwa kifupi, lakini jibu lile halikuniridhisha mimi mwenyewe. Kwa miaka kadhaa ya utumishi wangu nilikuwa miongoni mwa watu waliopakia na kufunga mizigo ndani ya vyombo hivyo, na nilipostaafu nikaingia katika biashara ya kusafirisha viazi kutoka Makete na Njombe, kwa hiyo nimefunga mizigo ya aina zote mbili na ninajua zinapoachana.

Kwenye lori, uzito wa mzigo ni rafiki yako. Gunia likikaa kwenye bodi, uzito wake wenyewe unaligandamiza chini, msuguano unalishika, na kamba inakuja kumalizia kazi ambayo kwa sehemu kubwa imekwisha kufanyika. Ndani ya helikopta sakafu yenyewe inaweza kuukimbia mzigo. Chombo kikiingia kwenye hewa inayoporomoka nyuma ya mlima, kwa nukta moja au mbili mzigo hauna uzito wowote, na chombo kikigusa ardhi kwa kishindo, mzigo ule ule unakuwa mzito mara kadhaa. Katikati ya hayo kuna mtetemo wa rota, ambao hauachi hata dakika moja na ambao unaumaliza ule msuguano tunaoutegemea barabarani. Niliwahi kuona kasha la vipuri la kilo 40 hivi, lililoachwa bila mkanda kwa sababu "ni dogo na safari ni fupi", likitembea hatua nzima kuelekea mlangoni huku chombo kikiwa kimenyooka kabisa angani. Lilikuwa likijongea kama kobe, na hakuna aliyelisukuma.

Kwa sababu hiyo mzigo wa helikopta hufungwa kwa ajili ya dakika ile ambayo mambo yameharibika. Kwa helikopta ya Chinook, miongozo ya jeshi la Marekani inataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu iliyo mara 4 ya uzito wake, usirudi nyuma kwa mara 2, usiende kila upande kwa mara 1.5, na usinyanyuke juu kwa mara 2. Jenereta la kilo 800, basi, lifungwe kana kwamba kuna nguvu ya kilo 3,200 inayolisukuma kuelekea mbele. Mbele ndiko kunakopewa nguvu kubwa kuliko pande nyingine kwa sababu chombo kinachoanguka kwa kawaida kinakuwa kinakwenda mbele, nacho husimama ghafla ilhali mzigo hauna habari ya kusimama, na mbele ndiko waliko marubani.

Kabla hata ya kugusa mkanda, kuna suala la uzito, na hapa sisi watu wa nyanda za juu tuna ugonjwa wetu. Siku moja tuliletewa magunia 20 ya viazi yenye karatasi iliyosema kila gunia ni kilo 100. Mtu yeyote aliyekulia Uyole angeyatazama na kucheka: yalikuwa lumbesa halisi, kila moja na kilemba chake kilichoshonwa kwa kamba ya bluu. Msimamizi wetu wa mizigo, ambaye hakuwa mtu wa huku na neno lumbesa hakulijua, alilipandisha la kwanza kwenye mizani likasoma 137, la pili likasoma 129. Yalipokwisha kupimwa yote, jumla ilikuwa kilo 2,640 mahali ambapo karatasi ilisema 2,000. Kilo 640 za ziada ni watu wanane wazima ambao rubani hakuambiwa kwamba wamepanda. Msimamizi hakugomba. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaamuru magunia matano yabaki chini, kisha akataka kila gunia liandikwe uzito wake ubavuni kwa kalamu nzito kabla ya kuingia.

Kwenye barabara, ukizidisha, utakutana na mizani ya Wenda na utalipa faini. Angani hakuna Wenda. Helikopta ya Mi-17, ambayo wengi mmeiona katika picha za misaada na za walinda amani, inaruhusiwa kubeba ndani hadi kilo 4,000, na uzito wake wote wakati wa kuruka usizidi kilo 13,000. Hata hivyo hizo kilo 4,000 hugombaniwa na mafuta. Tangi moja la nyongeza linalowekwa ndani ya chumba cha mizigo huchukua lita 915, na likijaa ni kama kilo 730 ambazo huwezi tena kuzipa viazi.

Uzito ukishajulikana, swali linalofuata ni ukae wapi. Wazee wetu waliobeba maji kwa mzega wangelielewa jambo hili bila kufundishwa. Helikopta yenye rota kuu moja inaning'inia chini ya mhimili wa rota kama mzega unavyoning'inia begani: ndoo moja ikizidi, mti unainama na mbebaji analazimika kuusogeza. Rubani hawezi kusogeza bega lake. Anachoweza kufanya ni kuvuta au kusukuma usukani kufidia, na usukani una mwisho. Akifika mwisho huo huku pua ya chombo bado inainama, hana kingine cha kufanya. Chinook yenye rota mbili, moja mbele na moja nyuma, inafanana zaidi na machela inayobebwa na watu wawili, ndiyo maana inavumilia zaidi mzigo uliokaa mbele kidogo au nyuma kidogo, ingawa nayo ina mipaka yake.

Tuchukue chumba cha Mi-17, ambacho kina urefu wa takribani mita 5.34, upana wa mita 2.34 na kimo cha mita 1.80. Nina kasha la kilo 1,000 na kasha la kilo 500. Nikiliweka zito mita 1.5 kutoka ukuta wa mbele na jepesi mita 4, nazidisha kila uzito kwa umbali wake, najumlisha, nagawa kwa uzito wote: 1,500 na 2,000 ni 3,500, gawa kwa 1,500, kitovu cha mzigo, yaani pale uzito wa mbele na wa nyuma unapolingana, kiko mita 2.33. Nikiyabadilisha nafasi kitovu kinarudi nyuma hadi mita 3.17. Makasha ni yale yale na mikanda ni ile ile, lakini kitovu cha mzigo kimehama sentimita 83, na kama chombo chote kina uzito wa tani 12, kitovu cha chombo kizima kimehama zaidi ya sentimita 10. Nafasi ambamo kitovu cha helikopta ya namna hii kinaruhusiwa kukaa haifiki hata mita moja kutoka mwanzo hadi mwisho wake, kwa hiyo sentimita 10 si jambo la kupuuza. Warusi walilijua hilo, nao wakachora ndani ya chumba cha mizigo cha Mi-8, ambayo ndiyo asili ya Mi-17, mishale ya rangi ya bluu na nyekundu yenye tarakimu za uzito, ili mpakiaji aone kwa macho kwamba mzigo wa uzito fulani lazima kitovu chake kilale kati ya mshale huu na ule. Sijaona chombo kingine cha kazi kilichoandikwa mwongozo wake ukutani kwa uwazi kama huo.

Sakafu nayo ina kiasi chake. Sakafu ya helikopta ni karatasi ya bati jepesi juu ya mbavu, na haina undugu wowote na bodi ya lori. Kwa Black Hawk, mzigo uliotandazwa haupaswi kuzidi pauni 300 kwa futi ya mraba, yaani karibu kilo 1,460 kwa mita ya mraba. Chukua jenereta la kilo 600 linalokaa juu ya miguu miwili ya chuma, kila mguu ukiwa na upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 1.2. Eneo linalogusa sakafu ni mita za mraba 0.24, hivyo kila mita ya mraba inabebeshwa kilo 2,500, na sakafu itabonyea au itatoboka. Weka chini ya kila mguu ubao wa unene wa sentimita 5 unaotokeza kila upande kwa kiasi cha unene wake, na eneo linakuwa mita za mraba 0.52, uzito unashuka hadi kilo 1,150 hivi. Ubao mpana kuliko huo hausaidii sana, kwa kuwa uzito hutawanyika kwenye ubao kwa mshazari wa nyuzi 45 tu, na kinachotokeza zaidi ya hapo kinakuwa abiria. Kwa hili ninawasifu mafundi mbao wa Mafinga: ubao wa msindano uliokauka vizuri ni mwepesi na unafaa kabisa.

Sasa tufike kwenye mkanda wenyewe, ambao utingo wetu alitaka tuanzie. Mkanda wa nailoni unaotumiwa sana na jeshi la Marekani umepimwa kushika pauni 5,000, takribani kilo 2,268, na kuna minyororo ya pauni 10,000 na 25,000. Tarakimu hiyo ni kwa mkanda uliovutwa moja kwa moja. Ukifungwa kwa mshazari, nguvu yake hugawanyika: sehemu inazuia mbele, sehemu inazuia upande, sehemu inazuia juu. Mkanda uliofungwa ukipanda nyuzi 30 kutoka sakafuni na ukaenda nyuzi 30 pembeni unabakiza asilimia 75 ya nguvu yake kwa ajili ya kuzuia mbele, yaani kilo 1,700 hivi, kilo 980 kwa upande, na kilo 1,130 kwa juu.

Rudini kwenye jenereta letu la kilo 800. Mikanda miwili inayovuta kuelekea nyuma inatoa kilo 3,400 dhidi ya zile 3,200 zinazotakiwa kuzuia mbele. Nyuma zinatakiwa 1,600, ambazo mkanda mmoja ungezitosheleza, lakini mkanda mmoja utalizungusha jenereta, kwa hiyo tunafunga jozi. Kila ubavu una mikanda miwili, moja ya mbele na moja ya nyuma, na jumla yake kwa upande ni karibu kilo 1,960 wakati zinazotakiwa ni 1,200. Kwa juu, mikanda minne inatoa kilo 4,500 wakati zinazotakiwa ni 1,600. Mikanda minne, basi, kila mmoja kwenye pete yake sakafuni, na kazi imekwisha. Kamba inayopita juu ya mgongo wa mzigo, kama tunavyofunga sisi kwenye Fuso, huvuta chini tu: kwa upande wa mbele haina msaada zaidi ya kuongeza msuguano, na msuguano nimekwisha kueleza jinsi unavyoliwa na mtetemo.

Mteremko wa Kitonga (Iringa):

Kamwene, mkuu. Nimesoma hadi mwisho, na nashukuru kwa hesabu. Nina mambo mawili. La kwanza, mimi nimeendesha Iringa hadi Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninapoteremka Kitonga nikakanyaga breki, mzigo unanisukuma mgongoni kweli kweli, hivyo usituone madereva kama watu wasiojua habari ya mbele. La pili, kama mikanda minne inatosha kwa jenereta, kuna ubaya gani kufunga minane ili roho zitulie? Kamba haijawahi kuwa nyingi mno.

Mpakiaji Mstaafu (Uyole, Mbeya):

Kamwene sana, mkuu, na kuhusu Kitonga umenishinda. Dereva aliyeteremka pale na mzigo mbaya anaijua nguvu ya mbele kuliko mwanafunzi wa darasani. Tofauti ni kwamba una bodi ya chuma nyuma ya kabini inayobeba sehemu ya kishindo hicho. Ndani ya helikopta, kati ya mzigo na viti vya marubani, mara nyingi kuna uwazi tu.

Kuhusu kufunga minane, jambo linategemea unaifunga wapi. Mikanda miwili inayoshikwa na pete moja ya sakafuni ikivuta upande mmoja haina nguvu ya mikanda miwili, ina nguvu ya pete ile. Pete nyingi za Chinook zimepimwa pauni 5,000, na chache tu zimepimwa 10,000, hivyo ukifunga mnyororo wa 10,000 kwenye pete ya 5,000 umefunga mnyororo wa 5,000 wenye uzito wa bure. Kadhalika tundu la chuma la kufungia mkanda lililoko kwenye jenereta lenyewe: kama limechomelewa na fundi wa mtaani, nguvu ya mfungo wako wote ni nguvu ya ule uchomeleaji.

Hatari ninayoiona mara nyingi zaidi ni kuchanganya. Mtu anafunga mikanda miwili ya nailoni, hajatosheka, anaongeza mnyororo kuelekea upande ule ule. Nailoni hunyumbuka na mnyororo haunyumbuki. Kishindo kikija, mnyororo unaubeba mzigo wote peke yake kwa sababu nailoni bado inajivuta, na mnyororo ukikatika ndipo nailoni inapoamka, ikiwa imechelewa. Hata mikanda ya aina moja iwe na urefu unaokaribiana, kwa sababu mrefu hunyumbuka kuliko mfupi.

Na kama unadhani ninatia chumvi kuhusu mzigo uliohama, ikumbuke ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 iliyoanguka Bagram, Afghanistan, tarehe 29 Aprili 2013, mara tu baada ya kuruka, na kuwaua watu wote 7 waliokuwamo. Ilibeba magari matano ya kijeshi ya deraya. Mikanda haikukosekana. Wachunguzi walieleza kwamba namna ya kufunga haikufaa kwa mzigo wa aina ile, gari angalau moja likarudi nyuma wakati ndege inapandisha pua, likaharibu mifumo ya haidroliki na mtambo unaoendesha bawa la mkiani. Ile ilikuwa ndege kubwa na mzigo ulikwenda nyuma, lakini kanuni ni hiyo hiyo, na watu wanaohesabu kamba badala ya kuhesabu nguvu ndio ninaowaogopa.

Dada wa Makete:

Shikamoo, mzee wangu. Mimi ninafanya kazi kwenye zahanati huku Makete, na mvua zikikata barabara tunakaa siku kadhaa bila kupata vifaa, kwa hiyo ninasoma uzi huu kwa macho ya mtu ambaye huenda siku moja ataletewa mzigo namna hiyo. Sisi mizigo yetu si jenereta. Ni maboksi madogo ya dawa, vibebeo vya chanjo, mitungi ya oksijeni, na pengine dumu la mafuta ya taa au dizeli. Hivi navyo vinafungwa kwa hesabu hizo hizo?

Mpakiaji Mstaafu (Uyole, Mbeya):

Marahaba, mwanangu. Hesabu ni ile ile, ila kinachofungwa si boksi moja moja. Maboksi madogo hupangwa kwenye paleti au juu ya sakafu kama ukuta wa matofali, boksi la juu likikaa juu ya kiungo cha mawili ya chini, mazito chini, kisha yanafunikwa wavu, na wavu ndio unaofungwa kwenye pete. Wavu hukazwa kila upande kidogo kidogo kwa zamu, la sivyo ukuta wako unalala upande wa yule aliyekaza kwanza. Baada ya dakika chache za kuruka mtu apite auguse kwa mkono, kwa sababu maboksi ya karatasi na magunia hushuka kwa mtetemo, na wavu uliokuwa umekaza kama ngozi ya ngoma unakuwa kama chandarua. Vibebeo vya chanjo visibebeshwe kitu juu, na viandikwe kwa herufi kubwa kwamba ndivyo vitakavyoshuka kwanza, ili vipakiwe mwisho karibu na mlango.

Mitungi ya oksijeni ifungwe vifuniko vyake vya valvu, ilazwe, izuiwe kwa kabari isijiviringishe, na iwe mbali kabisa na mafuta na vitu vyenye grisi. Valvu ikivunjika, mtungi wenye hewa iliyoshindiliwa unaruka kama fataki ndani ya chumba ambacho watu hawana pa kukimbilia. Kuhusu dumu la dizeli, nadhani umewahi kupanda basi kutoka Kyela ukiwa na pakiti ya krispi mkononi: ukipita Tukuyu inaanza kuvimba, ukifika Isyonje imekuwa kama puto. Kutoka kimo cha mita 500 hadi mita 2,600 shinikizo la hewa hupungua kwa zaidi ya moja ya tano, na hewa iliyofungiwa ndani ya dumu inatafuta njia ya kutoka. Dumu lililojazwa hadi mdomoni halina pa kupanukia, kwa hiyo linalia kwenye kifuniko na kuvuja, na mvuke wa mafuta ndani ya helikopta ni mgeni asiyetakiwa. Liache na nafasi juu, lisimame wima na kifuniko kikiwa juu. Mtu akileta bodaboda ipelekwe kwa mhudumu wa afya kijijini, ipunguzwe mafuta kabla ya kuingia, waya wa betri uchomolewe, na ifungwe kwa jozi za mikanda kutoka kwenye fremu. Ukifunga usukani peke yake, springi za mbele zitabonyea na mkanda utalegea.

Mwalimu wa Nduli (Iringa):

Ninafundisha fizikia, na nimeufurahia mfano wa mzega kiasi kwamba nitauazima darasani. Ningependa mtoa mada agusie kimo. Uwanja wetu wa Nduli uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitulo ni juu zaidi. Je, ile kilo 4,000 ya Mi-17 inabaki kilo 4,000 huku kwetu?

Mpakiaji Mstaafu (Uyole, Mbeya):

Azima bila kurudisha, Mwalimu. Haibaki, na hili ndilo linalowakasirisha watu wanaosubiri msaada, wakamwona rubani anashusha mifuko iliyokwisha kupakiwa, wakadhani ana lake jambo.

Rota inashika hewa, na injini inavuta hewa. Hewa ikiwa nyepesi zote mbili zinapungukiwa. Kwa hesabu ya hewa ya kawaida, joto huanzia nyuzi 15 kwenye usawa wa bahari na hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo katika kimo cha mita 1,700, kama uwanja wa zamani wa hapa Mbeya mjini, joto la kawaida lingekuwa nyuzi 4. Alasiri ya Oktoba tunapata nyuzi 24 bila shida. Nyuzi hizo 20 za ziada huifanya hewa iwe nyepesi kana kwamba tuko zaidi ya mita 2,400. Kwa Kitulo, kwenye mita 2,600 na nyuzi 15 za mchana, helikopta inajiona iko mita 3,200 hivi, na hewa inayoishika ni chini ya robo tatu ya ile ya pwani. Chombo kilichoondoka Dar es Salaam kikibeba mzigo wake wote hakiwezi kusimama hewani juu ya Kitulo kikiwa na mzigo huo.

Ndiyo maana mpakiaji mwenye akili huuliza kwanza tunatua wapi na saa ngapi, kisha ndipo anauliza tunabeba nini. Safari ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hewa ikiwa baridi na umande bado uko kwenye majani, inabeba zaidi kuliko safari ya saa nane mchana kwenda pale pale. Na mzigo upangwe ukijua kwamba huenda sehemu yake ikaambiwa ishuke: weka karibu na mlango kile kinachoweza kubaki, lakini uwe umepiga hesabu ya kitovu mara mbili, pamoja nacho na bila yake.

Utingo wa Tunduma:

Shikamoo mzee. Mimi ndiye yule wa gereji, na jamaa wamenitumia uzi huu wakinicheka, ila sijakasirika. Nimekubali kuhusu kamba ya juu. Swali langu ni la siku ya kushusha. Ikitokea tumeitwa vijana kusaidia, tunaingiaje na tunaanza kufungua wapi? Na yale magunia matano yaliyobaki yaliishia wapi?

Mpakiaji Mstaafu (Uyole, Mbeya):

Marahaba, kijana wangu, na umefanya vizuri kuja. Usisogee mpaka mtu wa ndani akuite kwa mkono, na ukiitwa, njoo kutoka upande ambao rubani anakuona. Kwa Mi-17 milango mikubwa iko nyuma, na juu ya mkia kuna rota ndogo ambayo ikizunguka macho hayaioni, kwa hiyo unaingia unapoelekezwa na kutoka ulikoingilia, bila kuzunguka mkia hata kama njia ya huko ni fupi. Huku kwetu kwenye miinuko ongeza hili: chombo kikitua kando ya mteremko, usikiendee kamwe kutoka upande wa juu wa mlima, kwa sababu ardhi ya upande huo imepanda na mapanga ya rota yako karibu na kichwa chako. Kofia ivuliwe. Kitu kirefu, kama bomba au ubao, kibebwe kwa kulazwa na watu wawili.

Ndani, usifungue mkanda wowote kabla hujaugusa mzigo na kuitazama mikanda yote. Mzigo unaweza kuwa umehama njiani na sasa umeegemea mikanda ya upande mmoja. Ukiona mkanda mmoja umekaza kama uzi wa zeze na mwenzake wa upande wa pili umelegea, huo uliokaza ndio unaoushikilia mzigo usikuangukie, basi uache. Weka kabari au mkanda mwingine kwanza, kisha uanze na ule uliolegea. Chombo kikiwa kimetua kwa kuinama, upande wa chini ndio unaoachwa bila mtu. Mikanda ikifunguliwa ikunjwe na irudishwe ndani, kwa kuwa mkanda ulioachwa nje unapeperushwa na upepo wa rota hadi juu kwenye mapanga, na kwenye safari inayofuata hutakuwa nao.

Yale magunia matano yalikwenda kwa safari ya pili asubuhi iliyofuata, yakiwa yamefunguliwa vilemba. Viazi vilivyotolewa vilitosha kujaza gunia la sita.